Baba ameandika wosia kwenye daftari, mama hataki kusikia. Tuanzie wapi?

KIFUNGUA MIMBA (Morogoro)

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za leo. Nimekwama na naomba ushauri. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Baba yangu ana miaka 72, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama ana 66, fundi cherehani, mpaka leo anashona sare za shule. Kwetu ni Rombo, lakini wazazi wamekaa Morogoro tangu 1984 na sisi sote tumezaliwa hapa. Ni Walutheri, ndoa ya kanisani. Tuko wanne: mimi wa kwanza, ananifuata mdogo wangu wa kike, halafu wa kiume aliyeko Dodoma, na kitinda mimba wa kiume anayeishi nyumbani. Yupo na wa tano, binti wa miaka 17 ambaye baba alimpata nje ya ndoa, yuko Kilosa kwa mama yake. Mama anamfahamu, likizo nyingine huja kwetu, ila habari zake hazizungumzwi.

Mwezi uliopita baba alilazwa siku nne kwa presha. Aliporudi akaniita chumbani, akafunga mlango, akatoa kauntabuku. Ukurasa mmoja, kalamu ya bluu, juu ameandika WOSIA WANGU na kupiga mistari miwili kwa rula kama alivyokuwa akitufundisha. Nyumba ya Kihonda akae mama mpaka mwisho wa maisha yake, kisha iwe ya watoto wote. Kihamba cha Rombo, yaani shamba letu la ukoo, kwa kitinda mimba, kama ilivyo desturi yetu. Kiwanja cha Mkundi kwa wa Dodoma. Sisi mabinti wawili ametuandikia "mtaelewana na kaka zenu" wakati hao kaka wenyewe ni wadogo zetu. Chini kabisa kuna mstari mmoja umekatwakatwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Nimeuweka kwenye mwanga nikasoma: "na mwanangu wa Kilosa apewe". Umeishia hapo.

Akaniambia nisaini kama shahidi. Nikasaini. Shahidi mwingine ni mzee wa kanisa mwenzake, alisaini kesho yake.

Nilipomgusia mama, alisimamisha cherehani akanitazama. Akasema, "Kumbe wewe ndiye unayetaka kumzika baba yako?" Akaendelea kushona. Siku tatu hakuniongelesha zaidi ya salamu.

Nyumba ina hati, jina la baba peke yake. Kiwanja cha Mkundi hakijapimwa, kuna mkataba wa mkono uliosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Baba ana pensheni, ana akiba SACCOS ya walimu, ana akaunti benki. Je, karatasi ile ina nguvu? Mimi kusaini nimeharibu? Na nifanyeje na mama? Sitaki mali ya mtu. Nataka baba akiondoka, mama asitikiswe, na sisi watano tuendelee kupigiana simu.

BINTI WA TUKUYU (Mbeya)

Dada, pole kwa kuuguza. Baba yako amekuita akiwa hai, shukuru sana kwa hilo. Wangu alisema "tutaongea" kwa miaka kumi, akafariki Machi 2016 bila kuacha hata mstari mmoja. Niliteuliwa msimamizi wa mirathi, nikaja kufunga shauri 2019. Karani na wanasheria wa humu watakujibu habari ya sheria. Mimi nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Watu hudhani ugomvi ndio uliotuchelewesha. Ugomvi ulikuwepo, lakini kilichokula muda ni karatasi. Baba alikuwa na begi la ngozi la kahawia chini ya kitanda, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba ya katani. Tulipoanua tanga tukalifungua mbele ya mama. Mlikuwa na risiti za mbolea za 1991, kadi zetu za kliniki zote sita, barua za uhamisho, na nakala ya hati ya nyumba. Nakala tu. Hati yenyewe tuliipata baada ya miezi mitano, kwa rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba alikopa mabati kwake akaacha hati kama dhamana. Mama hakujua, kaka hakujua. Yule mzee ni muungwana. Alitufungulia daftari lake, mabati 48, nusu imelipwa, nusu bado. Tukalipa iliyobaki, akatupa hati yetu siku hiyohiyo ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, haina hata kunyanzi. Angekuwa mtu wa tamaa sijui tungeshika nini.

Halafu jina. Kwenye hati jina la baba lina H katikati. Kwenye kitambulisho cha taifa halina, na cheti cha kifo kilifuata kitambulisho. Herufi moja hiyo ilinipeleka kwa wakili kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na ofisi ya ardhi nikaenda mara tatu. Baba angekuwa hai angelimaliza mwenyewe kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo kabla hamjagusa habari ya nani anapata nini, kaa na mzee muandike orodha. Kila mali iko wapi, imeandikwa jina la nani, karatasi yake iko kwenye kabati gani. Nani anamdai, na yeye anamdai nani. Usiseme "baba hana madeni". Kila mzee ana deni moja ambalo kwake si deni, ni makubaliano yake na rafiki. Siku ya msiba wetu walisimama watu wanne kudai. Wawili walikuwa wa kweli, wawili mpaka leo sina uhakika, na nililipa mmoja wao kwa sababu mama alisema hataki jina la mumewe lisemwe sokoni.

SACCOS, muulize alijaza jina la nani kwenye fomu ya mrithi, na mwaka gani. Baba yangu kwenye chama chake cha akiba alikuwa ameandika jina la bibi, mama yake mzazi. Bibi alifariki 1988. Alijaza fomu akiwa kijana hajaoa, akasahau. Kurekebisha ni fomu moja na saini moja.

Sasa la benki, na hili naliandika kwa uchungu kidogo. Kaka yangu alikuwa na kadi ya baba na namba ya siri. Siku ya tatu ya msiba akatoa pesa: jeneza, mchele, gari la kupeleka watu kijijini. Nia yake ilikuwa njema kabisa, nami nilikuwepo tulipozihesabu. Lakini mtu akishafariki, pesa yake ni ya mirathi, hakuna mwenye mamlaka ya kuigusa mpaka mahakama imteue msimamizi. Miezi sita baadaye baba mdogo alisimama mahakamani na taarifa ya akaunti mkononi, akasoma tarehe. Kaka alikuwa na risiti ya jeneza tu. Nyingine nani alichukua risiti siku ya msiba? Tangu hapo kaka akija kwa baba mdogo hakai, anaongea akiwa amesimama. Mwambie mzee atenge fungu la mazishi mapema kwenye akaunti ya mama mwenyewe, kwa jina la mama, ili siku hiyo mtu asiguse kadi ya marehemu.

Halafu msimamizi. Baba mdogo aliamini kwamba anayeteuliwa ndiye anakuwa mwenye mali, ndiyo maana alipigania mno. Sivyo kabisa. Msimamizi anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, anarudisha hesabu mahakamani. Mimi nilikuwa Mahakama ya Mwanzo, nikapewa miezi minne: Fomu Na. 5 ndiyo orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 6 ndiyo hesabu ya mgawanyo. Kwa ajili ya ile hati nilichelewa, nikaomba kuongezewa muda. Muda wote huo wapangaji wa vyumba viwili vya uani walikuwa wanampa kodi baba mdogo, na hakuna aliyeandika popote. Baba yako amtaje msimamizi kwenye wosia, na amtaje wa pili endapo wa kwanza atashindwa. Asimchague kwa ukubwa wa kuzaliwa wala kwa jinsia. Amchague yule ambaye akitumwa dukani anarudi na risiti.

La mwisho, mstari uliokatwa. Siku tunamzika baba, nyuma ya watu alisimama kijana wa miaka kama 22. Paji la uso la baba, masikio ya baba. Zamu ya watoto kuweka udongo ilipofika alisogea, akainama kuchukua udongo, na baba mdogo akamshika mkono akamwambia "wewe nani?" mbele ya kaburi. Kijana akafungua kiganja, udongo ukamwagika chini, akaondoka. Nilimtafuta mwaka mzima. Sasa yuko kwenye simu yangu kama "mdogo wangu", na alipata fungu lake, lakini ule mkono uliozuiwa siwezi kuurudisha. Dada, mwambie baba yako auandike upya huo mstari, aumalize.

KARANI MSTAAFU (Dodoma)

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka 31, na mirathi ndiyo iliyojaza kabati zangu. Mwanangu wa Morogoro, nikujibu ulichouliza. Mambo ya undani mtayamaliza na wakili, nitakueleza kwa nini.

Kwanza ujue kwamba hapa Tanzania Bara hakuna sheria moja ya mirathi. Kuna sheria za kimila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo tuliirithi kwa wakoloni na bado inatumika, hasa kwa Wakristo walioachana na maisha ya kimila. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Baba yako ni mtu wa kanisa, amekaa mjini miaka 40, lakini anagawa kihamba kwa desturi. Wakili wa upande wowote anaweza kumvuta huku au kule. Ndiyo maana wosia wake useme wazi kwenye mistari ya mwanzo yeye ni nani na anataka mirathi yake ifuate sheria gani.

Tofauti ni kubwa. Asipoacha wosia, ikifuatwa ile ya 1865, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili, wa kike na wa kiume sawa. Ikifuatwa mila iliyoandikwa na serikali 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Anatakiwa atunzwe na watoto wake. Na mabinti wamewekwa daraja la tatu, la mwisho. Nimeona wajane wakisomewa hayo kizimbani. Wengine walikuwa wamejenga nyumba hiyo kwa mikono yao, tofali wamebeba wenyewe.

Mashahidi. Kwa mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Na mke aliyepo nyumbani anatakiwa ashuhudie pia, juu ya hao. Kwa sheria ya 1865 mashahidi ni wawili, lakini shahidi aliyepewa kitu ndani ya wosia anakipoteza kile alichopewa, na hata mume au mke wa shahidi anakipoteza cha kwake. Sasa tazama hapo. Kwa mila mama yako asiposaini wosia una kasoro. Kwa ile nyingine, mama yako akisaini kama shahidi, anaweza kupoteza nyumba aliyoachiwa. Kwa sababu hii siwashauri watu wajiandikie wosia kwenye kauntabuku, hata wakiwa walimu wenye mwandiko mzuri. Nendeni kwa wakili au RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. RITA wanaandaa wosia na wanautunza, nao ndio ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye anaweza hata kusimamia mirathi ikikosa mtu.

Saini yako, usihangaike nayo. Wewe ni mrithi, hukupaswa kuwa shahidi, lakini baba yu hai na akili zake timamu. Aandike mwingine, aweke tarehe, aandike kwamba anafuta wa zamani wote. Ule wa kauntabuku auchane mwenyewe kwa mkono wake. Nimewahi kupokea mirathi ya mtu mmoja yenye wosia tatu, mbili hazina tarehe.

Nyumba ya Kihonda, kuna njia nzuri kuliko "akae mpaka mwisho wa maisha yake". Ukiandika hivyo paa likivuja, nani anaezeka? Watoto watasema nyumba ni ya mama, mama atasema nyumba ni ya watoto. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu mume na mke wamiliki kwa pamoja, kwa namna ambayo mmoja akifa aliyebaki anakuwa mwenye nyumba yote. Aina hiyo ni ya mume na mke tu. Baba akikubali kumwingiza mama kwenye hati sasa kwa namna hiyo, hiyo nyumba haitaingia kwenye mgawanyo kabisa. Mama atapeleka cheti cha kifo ofisi ya ardhi na jambo limeisha.

Kihamba. Desturi ya kitinda mimba naiheshimu, na baba ana haki ya kuifuata. Ila mabinti msiambiwe kwamba ardhi ya ukoo haiwahusu. Holaria Pastory wa Kagera aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza uzeeni ili apate matunzo. Mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisema mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Tazama na hapo: alikuwa na wosia wa baba yake mkononi.

Mtoto wa Kilosa ana miaka 17. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza mtu kumnyima mtoto manufaa ya kuridhisha kutoka kwenye mali ya mzazi wake. Lakini miezi michache ijayo atakuwa na miaka 18, na nje ya kifungu hicho njia yake itakuwa ndefu na ya kutia aibu pande zote. Wosia unaimaliza kwa sentensi moja.

Kikao cha ukoo mkae siku ikifika, ni kizuri na mahakama huomba muhtasari wake. Lakini kikao kinapendekeza, hakiteui. Na wosia usifungwe mpaka arobaini. Nimeona unasomwa wakati ng'ombe wameshauzwa na mlango umebadilishwa kitasa.

ABUU SALHA (Tanga)

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Karani amemaliza, Mungu ampe umri. Naongeza kwa Waislamu wanaosoma hapa, maana kwetu hesabu ni tofauti na watu wengi wanachanganya.

Sisi hatugawi urithi kwa wosia. Mafungu yameshawekwa: mke akiwa na watoto ana thumuni (moja ya nane), mama mzazi ana sudusi (moja ya sita), mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, na kadhalika. Wosia wetu hauzidi theluthi ya mali baada ya kutoa gharama za maziko na madeni, na hauendi kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Nimeona wazee wameandika "nyumba namwachia mke wangu" wakafikiri wamemkinga. Baada ya kifo haikusimama.

Anayetaka kumpa mkewe nyumba ampe angali hai, hiba. Na hiba ni kukabidhi. Mjomba wangu alifanya hivyo hapa Chumbageni: aliita mashahidi, akamkabidhi mke hati na funguo mbele yao, wakaandikiana, wakaenda kubadilisha jina. Kuanzia siku hiyo mjomba akawa anasema "kwa mke wangu" akielekeza watu nyumbani. Alipofariki miaka sita baadaye hakuna aliyeinua mdomo.

Na kwa yule mwenye mtoto nje ya ndoa, kwetu mtoto huyo hamrithi baba, anamrithi mama yake. Basi ile theluthi ndiyo nafasi ya baba kumkumbuka. Yatima uliyemlea naye vivyo hivyo. Jamani, iandikeni, na muandike na deni la dukani humohumo.

KIFUNGUA MIMBA (Morogoro)

Shikamoo Karani, shikamoo Abuu Salha. Dada wa Tukuyu, nimesoma habari ya mdogo wako na ule udongo nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kujizuia. Nilipofika nyumbani nilimsomea baba kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina kamili la binti na tarehe yake ya kuzaliwa kwenye karatasi nyingine. Tarehe aliijua bila kutazama popote.

Habari ya mama ndiyo niliyorudi kuwaeleza.

Nilifuata ushauri wa orodha. Sikutaja wosia hata mara moja. Jumamosi nilikaa karibu na cherehani nikamwambia, "Mama, baba ananipa tabu, hajui karatasi za kiwanja cha Mkundi ziko wapi. Wewe unajua?" Akasema, "Hajui. Baba yako atajuaje?" Akavuta droo ya cherehani, ile ndogo ya bobini na chaki. Akatoa vyote juu ya meza, akainua kibao cha chini, na humo ndani kulikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Mkataba wa Mkundi. Nami nikausoma kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mnunuzi ameandikwa baba. Lakini nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wa mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, imeandikwa fedha zimetolewa na mke wa mnunuzi, awamu tatu, na kila awamu pana dole gumba la muuzaji na saini ya mama. Zilikuwa pesa za kikoba na za sare. Baba mshahara wake mwaka ule ulikuwa unalipa ada zetu wawili sekondari, kwa hiyo mama ndiye aliyenunua, ila muuzaji hakutaka kuandikiana na mwanamke akiwepo mume.

Nikamuuliza, "Mama, baba anajua?" Akasema, "Alikuwepo." Halafu akaongeza polepole, anakata uzi kwa meno, "Alisahau. Nami sikutaka kumkumbusha, ningeonekana nahesabu."

Ndiyo kusema baba amegawa kwenye kauntabuku kitu ambacho nusu yake au zaidi si chake, na hakukusudia ubaya. Usiku mama mwenyewe ndiye aliyempelekea ile bahasha. Mimi nilikuwa jikoni. Sikusikia walichozungumza isipokuwa baba kusema "nisamehe mama fulani" kwa jina langu, maana mama anaitwa kwa jina langu, na mama kucheka kidogo.

Alhamisi tunakwenda kwa wakili watatu: baba, mama na mimi kama dereva. Baba anataka kwanza hati ya Kihonda iwe ya wawili, kama alivyosema Karani. Mkundi wataomba mkataba urekebishwe kwa serikali ya mtaa wakati muuzaji bado yu hai na anapatikana. Kihamba kitabaki kwa mdogo wetu, lakini baba anataka iandikwe kwamba sisi mabinti na yule wa Kilosa tuna haki ya kuzikwa na ya kufikia pale, na SACCOS igawanywe kwa mabinti watatu. Ametusema watatu. Mzee wa kanisa atashuhudia tena, na wa ukoo amemchagua binamu yake wa hapa Msamvu ambaye hapewi kitu. Kauntabuku ameshaichana ule ukurasa.

Swali langu la mwisho, Karani. Mama ameniuliza tukiwa tunaosha vyombo: yeye ana cherehani mbili, ana hisa za kikoba, na sasa ana Mkundi. Naye aandike wake, au wa baba unatosha?

KARANI MSTAAFU (Dodoma)

Aandike wake. Karatasi yake mwenyewe, mashahidi wake mwenyewe, siku hiyohiyo ya Alhamisi. Wosia wa baba unagawa mali ya baba tu. Na mwambie asiache kutaja cherehani, ataje na ipi ni ipi. Miaka 31 ile sikuona kitu kinacholiliwa kama kilichoshikwa na mikono ya mama.